Kitenge Kisichokaliwa

Ilikuwapo nchi moja, na wala si ya kwako, msomaji, kwa hiyo acha kugeuka kutazama ni nani anasoma nyuma ya bega lako. Iko mbali sana. Watu wake walikuwa na furaha ya kudumu, iliyotangazwa katika gazeti la serikali, na kiongozi wao aliitwa Mtukufu Mlezi, kwa sababu aliwalea muda mrefu kiasi kwamba waliozaliwa siku alipoapishwa walikwisha kupata wajukuu, nao bado walikuwa wanalelewa.

Nchi hiyo iliamua kutengeneza mchezo. Si mpira, maana mpira walikwisha kuujaribu na matokeo yake yakafanywa siri ya dola. Huu ulikuwa mchezo wa kompyuta, wa kuchezwa mtandaoni, ambamo kila mwananchi angekuwa na mhusika wake, amtembeze porini, apigane na majitu, achimbe hazina na kujenga mji pamoja na wenzake. Uliitwa Nchi Yetu Njema. Kazi ilikabidhiwa Wizara ya Mwonekano, na Wizara ya Mwonekano ikaanza na jambo inalolijua, yaani nguo.

Miaka ikapita. Pori halikuwa limechorwa, majitu yalikuwa bado kwenye mazungumzo, na hazina ilikuwa imeliwa kabla ya kufukiwa. Lakini nguo! Uliingia mchezoni ukakuta chumba cha kuvalia chenye kabati refu kama treni: kanzu, baibui, kaptula, majoho, viatu vya matairi, kofia za kila kabila na nyingine za makabila yatakayogunduliwa baadaye. Ukishamvisha mhusika wako ukapendeza, ulifungua mlango wa kutokea, ukakuta ukungu mweupe na kibao: "Samahani, ujenzi unaendelea." Wageni kutoka nje wakiuliza, Waziri wa Mwonekano, Mheshimiwa Mbwilo, aliwajibu kwa fahari, "Wenzetu walianza na barabara. Sisi tumeanza na heshima."

Mchoraji wa nguo hizo alikuwa Kidawa binti Mfaume, mwanamke mwenye mkono mwepesi na mdomo mzito, sifa mbili ambazo humkalisha mtu kazini serikalini. Siku yake ya kwanza alimweleza Waziri kwamba katika michezo ya aina hii nguo ni pambo tu. Uvae dhahabu, uvae gunia, rungu la jitu litakuvunja vilevile.

"Unaniambia suti haina nguvu?" Waziri aliuliza.

"Haina, Mheshimiwa. Ni urembo."

Waziri aliitazama suti yake ya vipande vitatu, aliyoivaa hata siku ambazo mbwa walihema kwa joto. "Dada, nilipoingia humu ulisimama. Ningeingia nimejifunga msuli, ungesimama?"

Kidawa alifikiri, akakiri kwamba huenda angeuliza kwanza anamtafuta nani. Basi ikaamuliwa kwamba katika nchi ile hakuna pambo tu, na kwamba anayesema nguo ni nguo ana lake jambo.

*

Hapa lazima tumtaje Mshamu, mdogo wake Kidawa, maana bila yeye Kidawa angeshaacha kazi ile zamani akauze vitumbua kwa amani.

Kila uchaguzi ulipofika, na nchi hiyo ilikuwa na chaguzi nyingi, zote za mgombea mmoja ili kuwapunguzia wapigakura uchovu, wananchi waligawiwa fulana zenye picha ya Mlezi. Kila mmoja aliitumia yake kwa mapenzi. Huyu aliilimia, yule aliilalia, mwingine aliikunja ikawa kata ya kubebea ndoo. Katika nyumba nyingi fulana iliyochakaa ilitandikwa mlangoni pa kufutia miguu, uso ukiwa umegeuziwa chini, kwa adabu. Hata nyumbani kwa Waziri Mbwilo mtumishi alidekia sebule kwa picha hiyohiyo. Ila alidekia ndani.

Kosa la Mshamu lilikuwa kufanya barazani kile ambacho wenzake walikifanya chumbani. Alikuwa dereva wa bodaboda. Siku moja, kijiweni, mchana kweupe, alichukua fulana yake akafutia mnyororo wa pikipiki, oili ikakaa sawasawa kwenye jicho la kulia la Mtukufu. Alikamatwa kabla hajafika kwenye jicho la kushoto.

Kesi yake ilikuwa ngumu kwa namna ya pekee. Hakimu alilisoma shtaka kimoyomoyo, jasho likamtoka, akalifunga. Kulisoma kwa sauti ingekuwa kulirudia tusi, na anayelirudia tusi naye ametukana. Mwendesha mashtaka naye alikataa kulisoma, na wakili akaomba ruhusa akamwone mgonjwa. Kesi isiyosomwa haianzi, na isiyoanza haiishi. Njia pekee ya kutoka ilikuwa msamaha wa Mlezi mwenyewe, aliyesamehe siku akifurahi tu, na alifurahi siku za uzinduzi tu.

Mama yao, Bi. Somoe, alipeleka chakula gerezani kila wiki. Safari ya mwisho askari mmoja mwenye utu alimnong'oneza kwamba kijana anakohoa sana, kikohozi kile kibaya, na kwamba mvua za masika humo ndani si mchezo. Bi. Somoe alirudi nyumbani akaacha kula vizuri.

"Kidawa mwanangu," alimwambia, "hao unaowachorea nguo, huwezi kuwasemesha?"

"Nitawasemesha, mama."

"Uwasemeshe kabla ya mvua."

Kidawa aliogopa. Mshamu ndiye aliyembeba mgongoni alipovunjika mguu, ingawa yeye Kidawa ndiye mkubwa, akamzungusha mtaa mzima akiita wateja kwa mzaha. Kumfikiria amelala kwenye sakafu ya saruji kulimnyima usingizi na kumtia hasira ambayo hakuwa na pa kuipeleka. Kwa hiyo Wizara ilipotangaza kwamba Mtukufu Mlezi atauzindua mchezo mwenyewe, kabla ya masika, hakuuliza utazinduliwaje mchezo usio na ardhi. Alinoa kalamu yake.

*

Waziri Mbwilo aliitisha kamati, ikaletwa chai, zikaletwa sambusa, na sambusa zilipokwisha mkutano ukaanza.

"Kila mwananchi atakayeingia mchezoni," alisema Waziri, "atapewa bure vazi la kitenge chenye picha ya Mtukufu. Ni zawadi. Atakayeikataa hataingia, na ambaye hataingia tutataka kujua kwa nini."

Kidawa alikichora kitenge usiku na mchana, kikatoka kizuri hasa: bluu iliyokolea, mahindi ya dhahabu pembezoni, na nyuso za Mlezi zimejipanga safu kwa safu zikitabasamu. Alimvisha mhusika wa kike akaionyesha kamati kwenye skrini kubwa. Wakapiga makofi. Kisha Bwana Itifaki, mzee mkavu aliyeajiriwa kuona matatizo, akainua kidole.

"Mgeuze."

Gervas, fundi wa kompyuta, akamgeuza mhusika. Uso mmoja wa Mtukufu Mlezi ulikuwa umeangukia mahali ambapo, kwa kitenge chochote kinachofunika makalio, uso wowote ungeangukia.

"Tembeza," alisema Bwana Itifaki kwa sauti ya kuzimia.

Gervas akamtembeza. Haikusaidia. Mlezi alitabasamu kushoto, akatabasamu kulia. Mjumbe mmoja aliyeanza kucheka aligeuza kicheko kikawa chafya, akatakiwa rehema na wote.

Kidawa akarekebisha palepale. Akaziondoa nyuso chini ya kiuno, akabakiza za kifuani na za mgongoni. Bwana Itifaki akauliza kuhusu makwapa, maana kwapa ni kwapa hata kwenye kompyuta, na ikaamuliwa ubavuni pasiwe na picha kabisa. Halafu mjumbe mwingine akauliza kwa nini Mlezi anapunguzwa, na ni nani aliyetuma apunguzwe. Ilichukua chai nyingine kumtuliza.

Ndipo mhusika, ambaye hakuwa mjumbe na hakujua itifaki, akajikalia. Gervas alikuwa amemfundisha zamani kwamba akiachwa bila kazi atafute kiti. Akakaa, akaegemea, akajinyoosha, na nyuso zote za mgongoni zikabanwa kwenye kiti.

"Anamwegemea!" Bwana Itifaki alisimama. "Anamkandamiza Mtukufu kwa mgongo wake!"

Waziri Mbwilo akafuta jasho. Alikuwa mtu wa kufanya maamuzi magumu, hasa uamuzi wa kutofanya uamuzi. "Waheshimiwa, jambo hili ni zito. Napendekeza uzinduzi uahirishwe hadi mwakani, iundwe kamati ya Mgongo."

Mwakani! Kidawa alikisikia kikohozi cha Mshamu kana kwamba kiko chumba cha pili. Mfa maji haachi kutapatapa. Alijikuta amesimama, mdomo wake mzito umefunguka wenyewe.

"Mheshimiwa, tusiondoe picha. Tuondoe kukaa."

"Kuondoa kukaa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Katika mchezo, asiwepo mtu wa kukaa. Viti vitolewe. Mwananchi aliyevaa Mlezi atasimama."

Wajumbe wakatazamana kama watu wanaotamani wangelisema wao. Kisha Waziri akaanza kupiga makofi, na kamati nzima ikapiga makofi, ikiwa imekaa.

*

Mlango ukishafunguliwa, kila mtu hupita. Kesho yake Bwana Itifaki aliuliza mchezoni mvua itanyesha vipi wakati Mtukufu yuko kwenye nguo za watu. Mvua ikaondolewa. Vumbi likafuata. Ilionekana kwamba mhusika akiinama kitambaa kinakunjamana, na Mlezi anaonekana mzee, hali ya kuwa alikuwa hazeeki. Kuinama kukafutwa, na pamoja nako kulima, kuokota na kucheza ngoma. Kufua kulikatazwa kwa sababu ya kukamua.

"Na kuvua?" aliuliza Gervas, akidhani anatania.

Hakuna aliyecheka. Kumvua Mlezi! Ikaandikwa kwamba kitenge kikishavaliwa hakivuliwi, na kabati lote lile refu kama treni, kanzu na majoho na kofia za makabila yajayo, likafungwa, maana nani angelihitaji tena.

Ikabaki vita. Majitu yalikuwa bado hayajachorwa, lakini Waziri aliona mbele: jitu likimpiga mwananchi kifuani, litampiga nani? Na mwananchi akifa, atazikwa na nguo yake, na hapo kamati ilikataa hata kumalizia sentensi. Kufa kukapigwa marufuku.

Kila kanuni ilipopitishwa, Waziri alimgeukia Kidawa kwa heshima, kana kwamba anamwangalia mwasisi, na kumwuliza kama inaafikiana na fikra yake. Kidawa alijibu kwamba inaafikiana. Siku zilikuwa zinakwenda, mawingu yalikuwa yanajikusanya, na yeye angeafiki hata kupumua kufutwe, mradi tarehe isisogee.

"Dada Kidawa," Gervas alimwambia walipobaki wawili, "hawakai, hawainami, hawavui, hawapigani, hawafi. Sasa huu mchezo mtu anacheza nini?"

"Anasimama."

"Anasimama, halafu?"

"Gervas kaka yangu, mwache asimame. Nina mtu ndani."

Gervas alikuwa na mtu ndani vilevile, kama kila mtu katika nchi ile yenye furaha. Akaifanya kazi bila neno lingine.

*

Siku ya uzinduzi bendi ilipiga, wakasimama mabalozi, wakasimama wazee wa dini, akasimama Waziri Mbwilo na kuhutubia.

"Mtukufu Mlezi," alisema, "mataifa makubwa yana michezo ambamo watu wanakimbia, wanarukaruka, wanauana. Yametumia fedha nyingi kuleta fujo. Sisi, kwa hekima yako, tumetumia fedha nyingi zaidi kuileta nchi mahali iliposimama!"

Mtukufu Mlezi alikuwa mzee mdogo mwenye masikio makubwa, amezama kwenye kiti cha manyoya. Wakambonyezea kitufe. Ukungu mweupe ulikuwa umeondolewa, na mahali pake palikuwa na uwanja wa kijani usio na mwisho. Uwanjani walisimama wananchi, maelfu kwa maelfu, wima, bluu na dhahabu, kila mmoja na Mlezi kifuani, kila mmoja na Mlezi mgongoni. Hakuna aliyetikisika. Jua la kwenye skrini halikutua.

Mlezi alisogeza uso karibu na skrini. Kidawa, aliyekuwa safu ya nyuma karibu na wapiga tarumbeta, alijibana mikono hadi kucha zikaingia nyamani.

"Hawakai?" Mlezi aliuliza hatimaye.

"Hawakai, Mtukufu."

"Hawanivui?"

"Hawawezi, Mtukufu."

"Wakichoka?"

"Hatukuweka kuchoka, Mtukufu."

"Na hawafi. Basi nitakuwa nao siku zote." Machozi yalimtoka yule mzee, machozi ya kweli. "Miaka yote hii namwomba Mungu nchi ya namna hii, kumbe ipo wizarani. Nani ameitunga?"

Waziri Mbwilo alifungua mdomo kusema ni yeye, akakumbuka kwamba bado haijajulikana kama ni machozi ya furaha, akamwita Kidawa kutoka safu ya nyuma na kumsukuma mbele.

"Binti, omba utakacho," alisema Mlezi.

Kidawa alipiga magoti. Maneno alikuwa ameyapanga kwa wiki nyingi. "Mtukufu, nina mdogo wangu gerezani, Mshamu bin Mfaume. Naomba msamaha wako."

"Alifanya nini?"

Kulitaja kosa kungekuwa kulitenda, tena mbele ya mwenyewe, na Bwana Itifaki alikuwa tayari amekitoa kidole chake mfukoni. Kidawa alitafuta neno lililo safi, akazunguka, akalipata.

"Alikuwa na fulana yako, Mtukufu. Hakujua kuivaa."

Mlezi akacheka kwa upole, kicheko cha mlezi hasa. "Basi hilo tu? Atafundishwa kuivaa." Akamgeukia Waziri. "Mtoeni, awe mwananchi wa kwanza. Na hii nchi," akaonyesha skrini, "msiifungie humo ndani kama mfungwa. Itoeni nje."

*

Mshamu alirudi nyumbani Ijumaa, mvua haijaanza bado. Bi. Somoe alikuwa amepika ubwabwa kwa nazi na samaki wa kukaanga, ametandika mkeka mpya, na majirani wamejaa uani. Alipomwona mwanawe mlangoni alipiga vigelegele, akamkumbatia, akalia, akamshika mashavu aone kama ni yeye. Alikuwa yeye, amekonda, anakohoa, yuko hai. Kidawa alilia pia, akamshukuru Mungu kwa sauti, na kwa muda ule hakujutia chochote.

"Shikamoo mama. Shikamoo dada."

"Marahaba, marahaba! Pita ndani, mwanangu, kaa ule."

Mshamu hakukaa. Ndipo wakaona shati lake: bluu iliyokolea, mahindi ya dhahabu, Mlezi kifuani kwa safu, Mlezi mgongoni kwa safu.

"Siruhusiwi, mama."

"Hukuruhusiwa huko. Hapa ni kwako. Kaa."

"Mimi ni mwananchi wa kwanza, mama. Kukaa hakuna. Mgambo anapita kuangalia."

Bi. Somoe alicheka, akidhani kijana ameleta mzaha wake wa zamani. Kisha akaacha kucheka. "Basi vua nikufulie hilo shati, linanuka gereza."

"Halivuliwi. Wala halifuliwi. Mvua ikija nisiwe nje."

"Na kulala?"

"Chali siruhusiwi, naye yuko mgongoni. Kifudifudi ndiyo kabisa. Nalala kwa ubavu. Ubavuni wameacha wazi."

Jirani mmoja alisema amesikia redioni kwamba wiki ijayo mtaa mzima utapewa, bure. Mwingine alisema pale ofisi ya kata wamekwisha kukusanya mabenchi. Watu waliokuwa wamekaa mkekani wakaanza kuinuka mmojammoja, pasipo kuambiwa, wakasimama na sahani zao mikononi.

Mshamu alikula wima. Alikuwa na njaa, na tonge nyingi zilimponyoka kabla ya kufika mdomoni, maana alilazimika kunyoosha mkono mbali asije akalidondoshea mchuzi shati. Mama yake alimtazama hivyo tonge baada ya tonge. Hatimaye aliiweka chini sufuria, akajifunga kanga kiunoni, akainua mikono miwili juu.

"Ya Rabi! Mtu aliyekaa kitako akalifikiri jambo hili, mnyime pa kukaa. Asikae duniani akatulia, asikae ahera akapumzika!"

"Amina," uani pote wakaitikia.

Bi. Somoe aliushusha mkono mmoja, akamtazama binti yake, ambaye peke yake alikuwa kimya.

"Kidawa, huitikii? Huyu si nduguyo?"

"Amina, mama," alisema Kidawa.